Mipira ya matone kwenye bustani ya majirani: miezi tisa ya kuitumia, nawapa ukweli wake

Wadau salaam. Tangu tutandaze ile mipira myeusi ya kumwagilia kwa matone kwenye bustani yetu ya pamoja huku Kunduchi Mtongani, Dar, kila anayepita anauliza swali lilelile, hivi hii kitu inafanya kazi kweli au mmepigwa? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote hapa mara moja, maana tumeitumia miezi tisa sasa, kiangazi tumepita nayo, vuli tumepita nayo, joto la Januari na Februari tumepita nayo, kwahiyo ninachosema nimekiona kwa macho sio nimesimuliwa.

Jibu fupi, inafanya kazi na mi naipa nyota nne kati ya tano. Duka lililotuuzia nalipa mbili, nitaeleza kwanini. Ila kama bustani yenu ni ya watu wengi kama yetu, kabla hamjachanga hata shilingi mia kaeni kwanza mkubaliane nani anaosha chujio. Najua mnataka nianze na bei, bei itakuja, ila chujio ndo lilitaka kutuulia bustani nzima.

Niwape picha kidogo. Sisi ni nyumba kumi na moja tumezunguka kiwanja kimoja ambacho mwenyewe hajakijenga, kilikuwa jalala, pampasi, chupa, mabati, kila mtu anatupa. Katikati ya 2022 akinamama wa nyumba kama nne tukamfuata mwenye kiwanja, akakubali tulime mboga mpaka siku atakayoamua kujenga, tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi moja kwake moja kwetu moja ikabaki ofisini (na hili nawasihi sana, msilime kwa maneno ya mdomoni tu hata kama mwenye kiwanja ni ndugu yenu wa damu). Tukatoa takataka wikiendi tatu mfululizo, guta limebeba tripu sijui ngapi, alafu ndo tukaona chini kuna nini. Mchanga. Mchanga mtupu na vijiwe vya matumbawe, ule wa pwani ambao ukimwaga maji unasikia kabisa yanavyonywewa na baada ya dakika moja juu pakavu kama hujafanya kitu.

Tukapanda hivyohivyo. Mchicha, matembele, bamia, nyanya kidogo. Kila nyumba inaleta ndoo tatu jioni na keni la kumwagilia linazunguka. Sasa mwaka uleule Oktoba Mto Ruvu ukapungua sana, mgao wa maji ukaanza Dar, mnakumbuka wenyewe ile hali, mtu ana ndoo mbili ndani za kupikia na kuogesha watoto, atazitoaje akamwagilie mchicha wa watu kumi na moja? Bustani ikakauka. Kilichobaki ni kisamvu, na matembele ambayo yalijificha kwenye kivuli cha ukuta.

Tulipotaka kuanza upya kuna mzee wetu mmoja mstaafu alituambia jambo ambalo mi sijalisahau. Yeye alikuwa kijana enzi za Siasa ni Kilimo, ile sera ya miaka ya sabini ya kuhimiza watu walime, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 imemkuta yuko kazini hapahapa mjini, wakawa wanapelekwa kulima. Anasema, "Mwanangu, Jumamosi watu wote wanakuja, majembe yapo, nyimbo zipo, chai ipo. Jumatatu ndo utajua kama una shamba." Akasema wao kwao palikufa hivyo, sio jua, ni Jumatatu. Na kweli ukiangalia sisi tulipoanguka mgao ulitumalizia tu, hata kabla ya mgao Jumatatu ndoo zilikuwa zinakuja za nyumba tano, Jumanne nne, na watu walishaanza kununiana, mama fulani analeta ndoo nusu, fulani anachuma kila siku lakini ndoo yake hatuioni. Hapo ndo wazo la matone likaingia, kwamba tupate kitu cha kumwagilia chenyewe, tusitegemee mtu akumbuke.

Sasa kifaa chenyewe. Tulianza na seti ndogo ya ndoo tuone kwanza. Ni ndoo ya lita 20, koki moja, chujio dogo la duara ukubwa kama kifuniko cha chupa ya maji, na mistari miwili ya mpira, kila mmoja mita 15, umetobolewa vitundu kila baada ya sentimita 30. Vitundu sio matundu tu ya msumari, ukikata mpira ukaangalia ndani unaona kila kitundu kina kijiplastiki chenye njia nyembamba iliyopinda-pinda kama nyoka, maji yakipita pale yanachoka na kutoka tone tone. Hiyo njia ndo siri ya kifaa chote, na ndo ugonjwa wake pia, maana njia nyembamba kiasi kile inazibwa na kitu kidogo sana.

Hesabu yake iko hivi na naomba mnielewe kwasababu wauzaji hawaisemi. Mita 30 kwa kitundu kila sentimita 30 ni vitundu 100. Ndoo ya lita 20 gawanya kwa 100, unapata mililita 200 kwa kila kitundu. Ni kikombe kimoja cha chai. Basi. Kwa mche wa wiki mbili kikombe asubuhi na kikombe jioni kinatosha vizuri, ila mnyanya mkubwa wenye matunda, Januari, Dar hii, mchanga huu, vikombe viwili ni utani. Utajaza ndoo mara nne na zaidi. Kwahiyo mtu akikwambia ukinunua seti ya ndoo umemaliza kazi ya maji sio kweli, umemaliza kazi ya kubeba keni na kuinama, maji bado utayatafuta.

Jaribio letu la kwanza tulilifanya kwa vikombe vya chai kabisa. Nilitoa vikombe kabatini, tukafukua kidogo chini ya vitundu, tukaviweka, kimoja karibu na ndoo, kimoja katikati, kimoja mwisho, tukafungua koki tukasubiri ndoo iishe. Cha karibu na ndoo kilifurika mpaka tukashindwa kupima. Cha katikati kilijaa vizuri. Cha mwisho hakikufika nusu. Mtu mwingine angesema kifaa kibovu, ila fundi ujenzi wa nyumba ya pili akaleta pima maji yake, ule mpira mweupe wa kuona maji, akapima tuta, kumbe mwisho wake umepanda juu kuliko mwanzo kwa zaidi ya nusu shubiri, kwa macho huwezi kuona kabisa. Alafu ndoo tulikuwa tumeiweka kwenye matofali mawili tu. Jamani ndoo inatakiwa iwe juu mita moja. Hakuna pampu pale, nguvu yote ni kimo cha maji, na mita moja ya kimo ni nguvu ndogo mno, kama 0.1 ya bar (bar ni kipimo cha presha), kwahiyo tuta likipanda kidogo tu maji yanakataa. Tukasawazisha tuta, tukajenga kinara cha matofali mpaka mita moja, tukarudia vikombe. Safari hii cha mwisho kilipungua vidole viwili tu na cha kwanza hakikumwagika. Hiyo siku ndo watu waliamini wakakubali kuchanga seti kubwa.

Bei sasa, maana najua ndo mnayoisubiri. Seti ya ndoo tuliuziwa elfu 45. Seti kubwa ya pipa, yaani mistari 10 ya mita 15 pamoja na bomba mama (lile kubwa linalogawa maji kwenye mistari), koki na chujio kubwa kidogo, tuliuziwa laki na tisini, pipa hawaweki, tukanunua la bluu la lita 200 lililotumika elfu 40. Jumla laki mbili na sabini na tano, ukigawa kwa nyumba kumi na moja ni elfu 25 kila nyumba, na tulilipa kwa awamu mbili. Hizo ni bei tulizopata sisi Kariakoo kwenye maduka ya pembejeo, wewe unaweza kupata tofauti, pambana.

Kwa matumizi, zamani nyumba zote zikileta ndoo tatu tatu ni ndoo 33, lita 660 kwa siku, na bado miche ya mwisho ilikuwa inalia. Sasa hivi tunajaza pipa mara mbili kiangazi, asubuhi na jioni, lita 400, na matuta yote matano yanapata. Bamia na bilinganya zimekubali vibaya mno, nyanya chungu ndo usiseme, tumechuma mpaka tukawa tunagawia msikitini na kanisani. Na kitu kingine kizuri, majani hayalowi. Nyanya ukizimwagilia kwa keni juu kila jioni ukungu hauondoki, sasa hivi ukungu umepungua sana. Ila msije mkadhani matone yanazuia wadudu. Kantangaze alitukuta hivyohivyo, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na kuchora majani ya nyanya mistari kama ramani, yeye hajali unamwagilia na nini, tuliokota majani na matunda yenye matundu kila siku tukachoma na bado tulipoteza tuta zima moja. Matone ni maji tu, yasibebeshwe kazi ambayo sio yao.

Na kwenye mchicha hapa niwe mkweli kabisa, kwa mchicha wa kumwaga mbegu hii kitu haifai. Tulimwaga kama tulivyozoea, tuta zima, ukaota mistari miwili ya kijani kibichi kando ya mipira na katikati jangwa. Sababu ni mchanga wetu. Kwenye udongo wa mfinyanzi tone likishuka linatanuka pembeni, umbo lake chini linakuwa kama kitunguu, kwenye mchanga linashuka moja kwa moja chini kama karoti. Mipira yetu ilikuwa imeachana sentimita 60, karoti mbili hazikutani. Tulichofanya ni vitu vitatu kwa pamoja kwahiyo siwezi kusema kipi kimesaidia zaidi, tulisogeza mipira ikaachana 30, tukaongeza samadi ya ng'ombe iliyokaa (ya kuku mbichi msiguse, inaunguza mizizi, tuliijaribu kona moja na ile kona mpaka leo haijatulia), na tukatandika matandazo ya nyasi kavu unene wa vidole vinne. Alafu mchicha tunausia kwa mstari kando kando ya mpira, na wiki ya kwanza mpaka uote tunamwagilia kwa keni taratibu, kwasababu mbegu ya mchicha iko juu juu pale na tone linapita chini yake. Ukishashika mizizi unauachia mpira. Sasa hivi mchicha tunao, lakini kama lengo lenu ni mchicha tu na mna mwanamke mmoja mwenye nguvu na keni, bakini na keni.

Haya, chujio.

Maji ya pipa letu yanatoka sehemu mbili, bomba likitoka, na lisipotoka kisima cha jirani mmoja, Mungu ambariki, anatupa bure tunachangia umeme tu. Maji ya kisima huku kwetu mnayajua, tuko jirani kabisa na Wazo Hill wanakochimba mawe ya chokaa ya saruji, ukichemsha birika mwezi mmoja tu ndani kuna ganda jeupe. Na yana chumvi chumvi. Ndoo ya kwanza ilikuwa nyeupe, tukaiweka juani bila kifuniko. Unaona tulivyojipanga kukosea, jua linapita kwenye ndoo, mwani unaota, mchanga mwembamba wa kisima unaingia, na chokaa inaganda. Vyote hivyo vinakwenda kwenye chujio dogo kama kifuniko cha chupa.

Mwezi wa kwanza hakuna shida. Mwezi wa pili mstari wa tatu wa pipa nyanya zikaanza kulegea mchana, tukasema jua. Zikawa zinalegea mpaka jioni, tukasema ugonjwa, mtu akaenda kununua dawa ya ukungu akapiga. Pipa linajazwa kila siku, koki inafunguliwa kila siku, kila mtu anaona kazi inafanyika. Aliyegundua ni binti wa nyumba ya tano, yuko kidato cha pili, alipita asubuhi akiwa na yunifomu yake akashika udongo chini ya kitundu akaniita, "Shikamoo mama, huku pakavu." Nikamwambia mwanangu maji yamefunguliwa sasa hivi tu. Akasema, "Yamefunguliwa lakini pakavu." Tukafungua chujio. Jamani. Lilikuwa limejaa kitu cha kijani kinachoteleza kama bamia, maji yanapita kwa kuiba. Na tulipofungua mwisho wa ule mstari wa tatu hakutoka maji, ulitoka uji mweupe.

Jioni tukaitana. Nikauliza tu kwa upole nani alikuwa anaosha chujio. Dada wa saluni akasema yeye alijua anaosha baba wa nyumba ya kona kwasababu yeye ndo alifunga mitambo. Baba wa kona akasema yeye alijua wanaosha wanaojaza pipa. Wanaojaza pipa wakasema zamu yao imeandikwa kujaza, haikuandikwa kuosha. Na hakuna aliyedanganya hata mmoja. Tulikuwa tumenunua kifaa ili kisitegemee mtu kukumbuka, kumbe kazi ya watu kumi na moja kukumbuka ndoo tumeibadilisha ikawa kazi ya mtu mmoja kukumbuka kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, na huyo mtu hatukumteua. Yule mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake hasemi kitu, mwisho akasema taratibu, "Jumatatu hiyo," tukaelewana.

Kusafisha kulichukua siku mbili. Vitundu vilivyoziba tulifungua miisho ya mipira yote, tukajaza pipa tukaachia maji yatoke kwa nguvu mstari mmoja mmoja, mingine imefungwa, mpaka yatoke safi. Vilivyobaki na chokaa tukakata vile vipande vyenye shida tukaviloweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi ganda limelainika, ukikigonga kinaachia. Msichokonoe kwa sindano, tulichokonoa vingine vikawa vinamwaga badala ya kudondosha, ile njia ya ndani ukiitanua umeiharibu. Kati ya mistari kumi tulipoteza vipande kama mita nne, sio mbaya.

Na suluhisho letu la zamu sio ratiba ya ukutani, ratiba tumebandika nyingi zinaliwa na jua. Tulifunga kufuli kwenye koki ya pipa, ufunguo tukaufunga kwa kamba pamoja na mswaki mmoja wa zamani. Ufunguo unakaa nyumba moja wiki nzima. Ukiwa na ufunguo una mswaki, ukifungua maji unafungua na chujio, unalisugua, unalirudisha, dakika tatu. Jumamosi jioni unaukabidhi nyumba inayofuata mkono kwa mkono, sio kuacha dirishani, na anayepokea anafungua chujio hapohapo mbele yako aone umemkabidhi nini. Hiyo ya kufungua mbele yako alipendekeza mama muuza vitumbua na ndo imetuokoa, hakuna anayetaka kukabidhi uchafu mbele ya jirani yake. Tangu tuanze huo utaratibu hatujaziba tena mstari mzima. Ndoo nyeupe tukaipaka rangi nyeusi, pipa la bluu tukalifunika kitambaa na kifuniko, mwani umekwisha.

Chumvi yenyewe haitoki kwenye chujio, hilo mjue. Inakwenda na maji inabaki ukingoni pale udongo unapokauka, utaona mstari mweupe kwenye tuta. Tunachofanya kila bomba likitoka vizuri tunajaza pipa la maji ya bomba tunaliachia lote kwa mpigo, linaisukuma chini. Na tumejifunza kuchagua mazao. Maharage ya kijani yalikataa kabisa, majani yaliungua kingo ndani ya wiki tatu, karoti nazo hamna kitu. Spinachi hii yetu ya majani mapana imekaa kama iko kwao, ni ndugu wa bitiruti ile, jamii yao inavumilia chumvi. Kwahiyo kama uko pwani na maji ya kisima usipoteze hela ya mbegu za maharage.

Panya pia wapo. Kiangazi wanatafuna mpira wapate maji, unaamka asubuhi kuna chemchemi katikati ya tuta. Tumeweka vikopo vya maji pembezoni mwa ukuta, wanakunywa huko, imesaidia kiasi. Kuku wa jirani wanachakura matandazo lakini mpira wenyewe hawauwezi.

Kwa wale wanaouliza kama kuna njia rahisi zaidi. Chupa za maji zilizotobolewa na kuchomekwa chini tulijaribu, zinafaa kwa miche michache, kwa matuta matano utajaza chupa mpaka usiku. Mtungi wa udongo uliofukiwa mpaka shingoni, huo mi naupenda sana, dada mmoja ana mipapai mitatu kwa mitungi miwili anajaza mara mbili kwa wiki, hakuna chujio hakuna koki. Lakini mitungi mizuri isiyopakwa rangi siku hizi bei yake imechangamka. Wenzetu Kibera kule Nairobi wamefika mbali na magunia, unapanda sukuma wiki juu na ubavuni, maji machache yanashuka kati kwenye nguzo ya mawe, na kama hamna kiwanja kabisa ni hiyo sio matone.

Duka sasa. Silitaji jina. Kijana aliyetuuzia alikuwa mchangamfu na alitufungulia boksi tukaona kila kitu, kwa hilo namshukuru. Lakini tulipomuuliza kuhusu chujio akajibu "halina shida hilo, linajiosha lenyewe". Halijioshi. Maelezo ndani ya boksi hakuna hata neno moja la Kiswahili. Na konekta, vile viungio vya kuunga mpira na bomba mama, sita kati ya kumi zilikuwa hazishiki, mpira ni milimita 16 na konekta ni za saizi nyingine, ukiingiza inachezacheza, maji yanavuja pale pale kwenye bomba mama. Tuliporudi kesho yake tukaambiwa mzigo ukishatoka dukani haubadilishwi. Nauli ya Kunduchi Kariakoo kwenda na kurudi mara mbili, alafu jibu ndo hilo. Tukanunua konekta duka la tatu kutoka pale, yule mwingine alikata kipande cha mpira akaingiza mbele yetu akavuta kwa nguvu, akasema jaribu na wewe mama. Hivyo ndo biashara. Kwahiyo mkienda beba kipande cha mpira mkononi, jaribu kila konekta palepale, nunua chujio la ziada na konekta nne za ziada siku hiyohiyo, na pipa msinunue mpaka mmejua lilibeba nini, letu lilikuwa la juisi tuliinusa kwanza, kuna mengine yalibeba kemikali za viwandani na hayasafishiki hata uoshe mara mia.

Nyota moja niliyoipunguza kwenye kifaa ni kwa ajili ya chujio. Ni dogo mno kwa maji ya kisima cha pwani na liko sehemu mbaya, chini kabisa ya pipa ambapo tope linatulia. Tumeipandisha koki vidole vitano juu na tope sasa linabaki chini, ila hiyo kazi tungetegemea aifanye mtengenezaji.

Wiki hii ufunguo uko kwangu. Masika imeanza kunukia, tukipata mvua tatu za maana tutaikunja mipira tuitundike stoo, kwahiyo leo alfajiri nimeamua kuiosha yote kabisa. Nimefungua mwisho wa mstari wa saba, maji ya kwanza yametoka meupe kama ya kuoshea mchele, nikasubiri, yakawa safi, nikakunja mwisho nikafunga kamba. Imebaki mitatu. Mswaki umeshaisha nywele, Jumamosi nikimkabidhi mama wa nyumba ya sita nitampa na mwingine mpya.